Akikuahidi zahanati, muulize kodi yako ilikokwenda

Ndugu msomaji, ile fulana uliyopewa kwenye kampeni bado unayo? Au imekwisha kuwa tambara la kufutia pikipiki? Usione haya, mura. Si wewe peke yako. Kuanzia stendi ya Tarime mpaka mpakani Sirari, kuanzia Nyamongo mpaka Mugumu, vijana tumegawiwa fulana, kofia na hela ya soda, tukapigiwa ritungu, tukacheza mpaka vumbi likatimka. Kisha mgombea akapanda jukwaani akaimba nyimbo zake tatu: kodi nitapunguza, shule nitajenga, hospitali nitaleta. Tukapiga makofi. Akashuka, akaingia kwenye gari la vioo vyeusi, huyoo! Mpaka baada ya miaka 5.

Leo nataka tuzungumze habari ya nyimbo hizo tatu. Uchaguzi wa Oktoba 2025 umepita, na jinsi ulivyopita unajua mwenyewe, nitafika huko. Nazungumza sasa kwa sababu sasa hakuna soda ya kukuziba mdomo. Mwenye kiu hukubali kila anachoambiwa na mwenye chupa.

Hoja yangu ni moja tu, nayo ni hii: mgombea anayekuahidi shule na hospitali bila kukuambia habari ya kodi, anakuahidi mali yako mwenyewe. Ni sawa na mtu aliyeingia zizini kwenu usiku akaswaga ng'ombe, asubuhi anarudi na kikombe kimoja cha maziwa, nawe unampokea kwa mikono miwili: ahsante sana mzee! Sisi watu wa Tarime na Serengeti tunaujua wizi wa ng'ombe tangu utotoni. Ajabu ni kwamba huu wa maziwa hatuutambui.

Kwanza tuondoe uongo mmoja mkubwa. Vigogo wanapenda kusema vijana wa vijiweni hawalipi kodi, kwa hiyo wanyamaze. Eti kodi inalipwa na wafanyabiashara wakubwa na watumishi. Hebu tuhesabu siku yako moja. Asubuhi umejaza petroli ya bodaboda. Ndani ya kila lita mna ushuru wa bidhaa na tozo ya barabara. Umenunua vocha, mna kodi. Umenunua soda na sabuni ya kufulia, mna VAT ya asilimia 18. Stendi umekatiwa ushuru. Mnadani umekatiwa ushuru. Jioni chumbani kwako, chumba cha kupanga, umenunua umeme wa LUKU. Je, unajua kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU? Ilianza na sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda kuwa sh. 1,500. Nyumba si yako, kiwanja si chako, lakini kodi ya jengo inapita mkononi mwako! Mwenye nyumba ndiye mdaiwa, naam, lakini ni wapangaji wangapi wa Tarime mjini wanaothubutu kumkata mwenye nyumba fedha hiyo kwenye pango?

Bado hujasahau tozo ya miamala. Julai 2021 kila ukituma au kutoa fedha kwa simu ulikatwa, tangu sh. 10 mpaka sh. 10,000 kwa muamala mmoja. Mama yako kijijini akitumiwa hela ya dawa, anakatwa. Wananchi wakapiga kelele, ikapunguzwa mwaka ule ule, ikapunguzwa tena 2022, na mwaka 2023 ile ya kutuma fedha ikafutwa. Tukaambiwa fedha ile imejenga madarasa na vituo vya afya. Sawa, na majengo yapo, tumeyaona. Lakini zindua zindua zile ulizisikia? Kila mwenye kushika mkasi wa kukata utepe alisema tumewaletea. Wamewaletea nani? Mlinunua wenyewe kwa simu zenu!

Kwa hiyo kijana mwenzangu, ukiambiwa wewe si mlipa kodi, kataa. Wewe ni mlipa kodi asiyepewa risiti.

Sasa twende kwenye historia kidogo, maana asiyejua alikotoka hadanganywi mara moja, hudanganywa kila siku. Muulize baba yako au babu yako habari ya kodi ya kichwa. Mkoloni aliitoza, na baada ya Uhuru ikaondoka na kurudi kwa majina mengine, ya mwisho ikaitwa kodi ya maendeleo. Mwanamume wa miaka 18 bila stakabadhi alikuwa ni windo. Mgambo walikaa barabarani siku ya gulio, vijana wakakimbilia kwenye migomba kama swala. Serikali iliifuta mwaka 2003, pamoja na utitiri wa ushuru mdogo mdogo wa halmashauri. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, maana kodi ile ilimtoza maskini na tajiri sawasawa.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna mgombea aliyetuambia. Halmashauri zilipoondolewa vyanzo vile, Serikali Kuu ikasema itafidia kwa ruzuku. Maana yake, diwani wako akaacha kuwa mwenye nyumba, akawa mpangaji anayesubiri Hazina. Kisha mwaka 2016 kodi ya majengo nayo ikachukuliwa na TRA, ndiyo hiyo iliyoishia kwenye LUKU. Halmashauri ikabaki na ushuru wa mazao, wa minada, wa stendi, na kukimbizana na mama ntilie na machinga. Unaona mambo yanavyokwenda? Fedha nene inapanda juu, na wanaobaki chini wanagombania chenji na mama muuza ndizi.

Tena hili linakugusa mfukoni. Kwa sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri lazima itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya madudu kuonekana kwenye ukaguzi, ikarudishwa mwaka 2024. Piga hesabu. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 1, fungu la vijana ni milioni 40. Ikikusanya bilioni 5, fungu lenu ni milioni 200. Kwa hiyo kila chanzo kinachonyang'anywa halmashauri kinapunguza pia mkopo wa kikundi chenu cha bodaboda. Mgombea anayesema atawapigania vijana wapate mitaji, halafu hana msimamo juu ya mapato ya halmashauri, huyo anakupigia porojo.

Sasa tuje Nyamongo, kwenye dhahabu. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Wenye mgodi wamebadilika kama wachezaji wa timu: Afrika Mashariki, Placer Dome, Barrick, African Barrick, Acacia, kisha Barrick tena mwaka 2019, safari hii Serikali ikiwa na hisa asilimia 16 kupitia Twiga. Majina mengi, shimo ni lile lile.

Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998, mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Na ushuru wa huduma, ule wa asilimia 0.3 ya mauzo ambao ndio haki ya halmashauri, mikataba ya wakati ule iliufungia kwenye kibubu: dola 200,000 kwa mwaka, basi. Chukua kalamu. Mgodi ukiuza dhahabu ya dola milioni 100, asilimia 0.3 ni dola 300,000. Ukiuza ya dola milioni 400, ni dola milioni 1 na laki 2. Lakini mkataba unasema chukueni laki 2, na bei ya dhahabu ikipanda hata mbinguni, ninyi ni laki 2 zenu. Hivi wewe ungekuwa na shamba, ungekubali kodi ya namna hiyo? Sasa nani alikubali kwa niaba yako? Mikataba ile ilisainiwa kwa siri, na wabunge wengi wa chama tawala walikaa kimya wakisubiri posho.

Hapa ndipo ninapomkumbuka marehemu Chacha Wangwe. Mwaka 2005 Tarime ilimpeleka bungeni kwa tiketi ya CHADEMA. Alikuwa na ugomvi mwingi, hata ndani ya chama chake, na sitaki kumfanya malaika. Lakini alikuwa na kitu ambacho wagombea wengi hawana: alijulikana kwa kuwasimamia watu wa Nyamongo mbele ya mgodi. Hakuishia kusema nitaleta maendeleo. Alinyoosha kidole akaonyesha fedha iliko. Alifariki kwa ajali ya gari Julai 2008, na katika uchaguzi mdogo wa Oktoba mwaka ule, pamoja na helikopta na vigogo waliomiminika Tarime, wananchi wakairudisha CHADEMA kwa kumchagua Charles Mwera. Chama tawala hakikuamini macho yake.

Je, kelele zile zilikuwa za bure? La hasha! Agosti 2007 Zitto Kabwe alisimamishwa ubunge kwa kuhoji mkataba wa Buzwagi. Miezi michache baadaye Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani, na Zitto yule yule akawekwa ndani ya kamati. Ikaja Sheria ya Madini ya 2010, mrabaha ukapanda kuwa asilimia 4, tena ya thamani ghafi. Mwaka 2017 ukapanda kuwa asilimia 6, juu yake ada ya ukaguzi asilimia 1. Na marekebisho hayo hayo ya 2017, kifungu cha 105, yanaulazimisha mgodi kila mwaka kuandaa mpango wa kuihudumia jamii kwa kukubaliana na halmashauri, na yanaitaka halmashauri iusimamie na iwaeleze wananchi miradi iliyomo. Iwaeleze wananchi! Wewe umeelezwa? Umeona orodha ya miradi kwenye ubao wa kata yako? Kama hujaona, basi hiyo ndiyo kazi ya kumuuliza diwani Jumatatu asubuhi, usisubiri 2030.

Wenzetu wa Serengeti mnasema, sisi hatuna dhahabu. Mnayo, ina miguu minne. Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na dunia nzima inalipa kuja kuiona. Mtalii anapita juu ya Mugumu kwa ndege ndogo, anatua hifadhini, analala kwenye hoteli ambayo usiku mmoja ni ada ya mtoto wako ya mwaka katika shule ya kulipia. Tangu Julai 2020 makusanyo ya TANAPA yaliamriwa yaingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Yaani tembo anaishi Serengeti, anakula mahindi ya Serengeti, lakini kiingilio chake kikapelekwa Dodoma. Na mahindi yako je? Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kisichozidi sh. 100,000 kwa ekari, na kadiri shamba lilivyokaribia mpaka wa hifadhi ndivyo kiwango kilivyoshuka. Kwa maneno mengine, aliyeumia zaidi alilipwa kidogo zaidi! Vijiji vya jumuiya ya hifadhi ya Ikona, kama Robanda, walau vina mgawo wa fedha za wawekezaji kwa mujibu wa sheria. Wengine je? Mgombea wa Serengeti asiyekuwa na neno juu ya hesabu hiyo, akasema tu atawajengea sekondari, muulize: kwa hela ya nani, mheshimiwa?

Natumaini sasa umeona kwa nini nimeanza na kodi. Tuje shuleni.

Elimu ya bure katika nchi hii ina jina la makao makuu ya mkoa wetu. Novemba 1974, TANU ilikutana Musoma, ikapitisha Azimio la Musoma: kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Ada ya msingi ilikwisha kuondolewa. Kisha miaka ya 1980 uchumi ukaanguka, masharti ya wakopeshaji yakaja, na ada na michango vikarudi kwa mlango wa nyuma. Ikabidi tusubiri mpaka mpango wa MMEM, ada ya msingi iondolewe mara ya pili. Bure, si bure, bure tena. Kwa nini? Kwa sababu bure bila chanzo cha fedha ni kama nyumba ya makuti wakati wa upepo.

Mwaka 2010 Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alizunguka nchi nzima akisema elimu ya bure inawezekana, fedha zipo kwenye madini na kwenye matumizi ya anasa. Chama tawala kikacheka. Haiwezekani, wakasema, huyu anadanganya watu. Miaka 5 baadaye wakaiba wimbo, na Januari 2016 ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ikafutwa. Mwaka 2022 wakaongeza kidato cha tano na sita. Mimi sina kinyongo. Aliyefanya tumpe sifa yake. Lakini tukumbuke kwamba kile walichoita ndoto ya wapinzani kiliwezekana siku ile walipoona kinaleta kura.

Januari 2016 mimi mwenyewe nilikuwa kidato cha pili, hapa hapa mkoani. Siku hiyo baba alifurahi kuliko siku yoyote ninayoikumbuka, maana ada ya sh. 20,000 ilikuwa ni mbuzi mzima wakati wa shida. Shule jina nalihifadhi. Tuliingia darasani tukawa wengi mpaka wa nyuma wanakaa dirishani. Maabara ilikuwa jengo lenye kufuli; kemia tuliisoma ubaoni kama hadithi za sungura na fisi. Ada haikuwepo, lakini kulikuwa na mchango wa mlinzi, mchango wa uji, mchango wa mtihani wa kujipima. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango. Vizuri. Mlinzi akaondoka, uji ukaondoka, na badala yake hakikuja kitu. Nilimaliza na cheti chenye alama ambazo sipendi kuziangalia. Sijivuni wala sijitetei, ila nasema darasa letu halikufeli peke yake.

Siri iko kwenye namba moja ambayo mgombea yeyote anapaswa kuijua kama jina la mama yake. Ruzuku ya mwanafunzi. MMEM mwaka 2002 iliweka sh. 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi. Sekondari ikawekewa sh. 25,000. Mwaka 2002 sh. 10,000 ilikuwa karibu dola 10. Elimu bure ilipoanza 2016, miaka 14 baadaye, kiwango kilikuwa kile kile, na kwa thamani hiyo imeshuka hata chini ya dola 5. Tena si yote iliyofika shuleni. Sehemu ilikatwa huko juu kwa ajili ya vitabu. Gawa sh. 10,000 kwa siku za masomo, zipatazo 190. Ni kama sh. 52 kwa siku. Mtoto wa Kitanzania anasomeshwa kwa chini ya bei ya pipi mbili! Halafu mtu anapanda jukwaani anasema nitaboresha elimu. Utaiboresha kwa sh. 52? Mgombea wa kweli atakuambia: nitapigia kura bajeti ya Juni ikiwa ruzuku imepandishwa, na isipopandishwa nitasimama niseme hapana, jina langu liandikwe. Mwingine yeyote ni msanii.

Na hospitali? Mficha maradhi kifo humuumbua, tuseme ukweli. Uchangiaji gharama katika hospitali za Serikali ulianza mwaka 1993. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, sheria yake ikapita 2001. Mwaka huo huo, Aprili 2001, viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Tanzania ilikuwemo. Robo karne imepita, hatujafika. Sera inasema mama mjamzito, mtoto chini ya miaka 5 na mzee asiyejiweza watibiwe bure. Maandishi mazuri kweli kweli. Wilaya ya Serengeti kwa miaka mingi imeegemea hospitali ya kanisa la Mennonite pale Mugumu kama hospitali teule ya wilaya. Kanisa likabeba mzigo wa Serikali, na mwanasiasa akaenda kupigia picha pale pale.

Rafiki yangu mmoja, dereva wa bodaboda, alianguka usiku akavunjika paja. Tulimpeleka hospitali, nayo jina nalihifadhi. Muuguzi alikuwa peke yake, macho mekundu kwa usingizi, na hakuwa na kosa. Alituandikia karatasi: glovu, bandeji, dripu, sindano ya maumivu. Nendeni duka la dawa. Saa nane za usiku tulichanga vijiweni, aliyetoa elfu, aliyetoa mia tano. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara, limejaa kila kitu. Yule bwana alikuwa amejaza petroli kila siku kwa miaka 4, kila lita na kodi yake. Siku aliyohitaji glovu, akaambiwa akanunue. Niambie, ndugu msomaji, hapo nani anamdai nani?

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mimi naunga mkono bima. Lakini swali ni nani anamlipia asiye na kitu. Sheria yenyewe imetaja vyanzo, miongoni mwake ushuru wa vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Umesikia hilo? Ule mkeka unaochana kila Jumamosi usiku, na ile bia ya kujiliwaza baada ya kuchana, vimetajwa kwenye sheria kuwa vichangie bima ya maskini. Basi hapo una haki ya kuuliza kuliko padri na shehe! Kiasi gani kimekusanywa? Kiasi gani kimeingia mfukoni humo? Familia ngapi za Tarime na Serengeti zimepewa kadi? Mgombea akibabaika hapo, ujue hata sheria hajaisoma.

Sasa nigeuke upande wetu, maana nyani haoni kundule, nasi hatutaki kuwa nyani. Mwaka 2015 majimbo yote matatu tuliyachukua: John Heche Tarime Vijijini, Esther Matiko Tarime Mjini, Marwa Ryoba Serengeti. Tuliruka, tulichinja, tukalala tukidhani kazi imekwisha. Ni wangapi kati yetu tulihudhuria baraza la madiwani kusikiliza bajeti? Tulijaa mahakamani mbunge wetu aliposhtakiwa, hiyo ni sawa. Lakini siku ya kusoma mapato na matumizi ukumbi ulikuwa na wazee watatu na mbwa mmoja. Tulifanya mageuzi ya kichwani na sauti, daftari tukaliacha nyumbani. Na wengine kati yetu, tuseme tu, bado tunampima mgombea kwa ukoo wake, huyu ni wa kwetu, yule ni wa ng'ambo. Glovu haina ukoo, mura. Ukivunjika paja hutauliza muuguzi ni wa wapi.

Mwaka 2020 viti vyote hivyo vilikwenda chama tawala. Aprili 2025 Tume ikasema CHADEMA haikusaini kanuni za maadili, ikawekwa nje ya uchaguzi. Oktoba 29 ikafika, na yaliyotokea siku ile na siku zilizofuata hayahitaji kalamu yangu. Intaneti ilizimwa, vijana wa rika letu wapo ambao hawakurudi nyumbani. Najua wengi mmekata tamaa. Mnasema kura haina maana, kwa hiyo maswali hayana maana. Hapana! Hapo ndipo wanapotutaka. Karatasi ya kura wanaweza kuitoa jina. Swali hawawezi kulitoa kichwani mwako. Katiba, ibara ya 138, inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa ila kwa sheria ya Bunge. Kwa hiyo kila shilingi uliyokatwa kuna mtu aliyeinua mkono ikapita. Aliyekaa bungeni leo, uwe ulimchagua au hukumchagua, ana kiti kwenye baraza la madiwani, na ana Mfuko wa Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ambao nao ni kodi yako. Akijenga choo cha shule kwa mfuko huo, asiandike jina lake ukutani. Na mkutano wa kijiji au mtaa, kwa mujibu wa sheria, ni kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Nendeni. Si kwa mawe, si kwa mapanga. Kwa daftari na kalamu. Mtu mwenye mapanga wanaye polisi wa kumkabili. Mwenye hesabu hawana cha kumfanya ila kumjibu.

Nenda na maswali haya matatu, uyaandike kwenye kiganja kama tulivyokuwa tukifanya chumba cha mtihani. Kwanza, kodi: ni chanzo gani unachotaka kibaki Tarime au Serengeti, na utakipata kwa sheria ipi? Pili, shule: ruzuku ya mwanafunzi unataka iwe shilingi ngapi, na fedha itoke wapi? Tatu, hospitali: asiye na kitu atalipiwa kadi na fungu lipi, na lini? Mwulize wa chama tawala. Mwulize na wa kwetu, tena wa kwetu mwulize kwa sauti zaidi, maana adui akikunyima ulishazoea, ndugu akikudanganya ndiyo inauma.

Akijibu kwa tarakimu, mpe kiti, msikilize, hata kama hujampenda. Akianza kusema tutaangalia, tutaboresha, tuko kwenye mchakato, usimzomee. Mrudishie fulana yake.